Wakili wa Bei Rahisi

Sehemu ya Saba

Wanaotufuata kila Jumamosi wanajua tulimwacha wapi Zaitun. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya ua wa mabua huko Malaba, buibui limejaa vumbi, jicho moja kwenye tundu. Ndani ya ua kulikuwa na chungu cha pombe ya wimbi, na wanaume wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni. Mmoja wao alikuwa Paulinus Okedi, mtu ambaye Zaitun anamdai. Na aliyekaa bega kwa bega na Okedi, tai shingoni, naye mrija mdomoni, alikuwa Lazarus Makokha, wakili wake mwenyewe.

Kama wiki jana gazeti lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike, habari ni fupi. Edris, mumewe Zaitun, alikuwa mtu wa malori pale Busia. Alinunua mashine ya dizeli ya kusagia unga, akampa Okedi kwa mali kauli, yaani chukua sasa, utalipa mavuno yakija. Karatasi hakuna, kwa sababu miongoni mwa wafanyabiashara wa huku neno la mtu lilitosha. Fedha za mashine zilitoka kwenye bangili za dhahabu za Zaitun, zile za mahari yake. Edris alizichukua akaenda kuziuza Tororo, akaahidi kumnunulia nyingine nzito zaidi. Kisha akafa.

Sasa mwenye nyumba amempa Zaitun mpaka mwisho wa mwezi. Deni la Okedi likiingia, duka linabaki na mabinti zake wanakula. Lisipoingia, atafunga virago akaombe chumba kwa wajomba, mwanamke mzima mwenye watoto.

Ndiyo maana alitafuta wakili. Wa kwanza, wa Kisumu, aliuliza karatasi ziko wapi, kisha akamsindikiza mlangoni kwa adabu nyingi. Wa pili, wa Bungoma, alimsikiliza vizuri mpaka jina la Okedi lilipotajwa, ndipo akakumbuka kwamba ana safari. Wa tatu ndiye huyu Makokha, kijana wa Funyula aliyerudi majuzi kutoka masomoni Dar es Salaam, akafungua ofisi Busia yenye meza mpya na kabati la vioo. Alitaka ada ndogo sana, hata Zaitun akamwomba airudie asije akawa amesikia vibaya.

Shemeji yake Mutwalibu, kaka mkubwa wa marehemu, alimwonya siku ile ile. Wakili wa bei rahisi, alisema, huuzwa bei rahisi.

Na sasa ndiye huyo kwenye chungu cha Okedi.

Zaitun si mtu wa kelele. Hasira ilimshukia miguuni ikamgandisha pale pale. Alikuwa bado anafikiri aingie au aondoke, mkono ulipomshika bega kutoka nyuma.

"Mama, kwangu hapa watu wanapita kwa mlango," sauti ilisema. "Hiyo tundu ni ya kuku."

Alikuwa Anyait, mwenye ua na mwenye pombe, ameshika birika la maji ya moto. Alimvuta Zaitun mpaka jikoni akamkalisha juu ya kinu kilichopinduliwa, wala hakumwuliza jina. Malaba nzima ilijua kuna mjane wa Busia anayetafuta kumpeleka Okedi kortini. Zaitun aliuliza jambo moja tu, kwamba wale wawili wameanza lini kukaa pamoja. Anyait akamwambia hilo silo la kuuliza.

"Uliza chungu. Sisi huku, mtu mko na kesi na yeye hamwezi kunywa chungu moja. Ukiona wamekunywa moja, jua maneno imeisha."

Zaitun akajiuliza. Yameisha vipi, na kwa faida ya nani? Siri zake zote alikuwa amempa yule kijana. Ada amempa. Na juzi tu, mbele ya ile meza mpya, alitia dole gumba kwenye hati ya kumruhusu Makokha kusema na kupatana kwa niaba yake na mtu yeyote katika habari ya mashine. Aliambiwa ni kawaida, mawakili wote hufanya hivyo.

Anyait alimtazama, kisha akaongeza jambo ambalo halikumtuliza hata kidogo.

"Lakini huyo wako hanywi. Ameweka mrija kwa mdomo, ananyonya hewa tu. Mlevi mimi namjua, na mtu wa kanisa namjua. Huyo sijui ni nini. Mtu wa namna hiyo mimi namwogopa."

Zaitun alitoka akamngojea wakili kwenye njia ya soko. Makokha alikuja akijifuta midomo kwa leso, midomo mikavu kabisa. Alipomwona mteja wake amesimama katikati ya njia hakushtuka. Kutoshtuka huko kulimtia Zaitun shaka kuliko yote aliyoyaona kwenye tundu. Mtu asiyeshtuka ama hana hatia, ama amezoea.

Zaitun alimwambia kwamba amemwona. Akamwuliza amemuuza kwa kiasi gani, ili naye ajue thamani yake sokoni.

"Mama, Okedi hazungumzi habari ya deni na mtu asiyeshika mrija wake," Makokha alisema. "Nimeushika, naye amezungumza. Sasa mimi ndiye mwenye swali. Kwa nini ulinificha?"

Kibao kikageuka. Zaitun aliyekuja kushtaki alijikuta anashtakiwa, tena barabarani, wauza ndizi wakitega masikio. Makokha alimweleza kwa sauti ya chini. Okedi hakani deni. Anasema alilikiri hadharani siku ya mazishi ya Edris, na tangu siku hiyo, kila pamba na kila mahindi yakiuzwa, amekuwa akipeleka fedha kwa nyumba ya marehemu. Haelewi kwa nini nyumba ile ile sasa inamtumia wakili.

Msomaji asiye Mwislamu huenda hajui desturi hii. Maiti akishafukiwa, msemaji wa familia husimama makaburini akatangaza: anayemdai marehemu aje kwangu, na anayedaiwa na marehemu aje kwangu. Wanawake hawako pale. Siku Edris anazikwa, Zaitun alikuwa nyumbani anaingizwa eda, na kwa miezi yote ya eda alikaa ndani, habari za biashara hazimfikii ila kwa mdomo wa wengine. Aliyesimama kaburini alikuwa Mutwalibu. Aliporudi, Zaitun alimwuliza. Mutwalibu akasema hakuna aliyenyoosha mkono.

Zaitun akakumbuka kitu kikamkereketa. Eda ilipokwisha alikwenda mwenyewe kwa Okedi kudai. Okedi alimjibu mlangoni, bila hata kumkaribisha, "Mimi na nyumba yenu tunaendelea vizuri." Aliondoka akiona amedharauliwa. Kumbe huenda mtu yule alikuwa anamjibu ukweli.

Lakini hakutaka kuuamini upesi. Kila mdaiwa duniani husema amelipa, alimwambia Makokha, na shemeji yake ni mtu anayemletea sukari kila Ijumaa. Makokha alikubali. Alisema ndiyo maana wanahitaji sikio la tatu, mtu aliyekuwepo kaburini ambaye si Okedi wala Mutwalibu. Zaitun akamtaja Bashir, mchinjaji, mwenye bucha mwisho wa soko.

"Twende sasa hivi," Makokha alisema.

Akasema sasa hivi, lakini akashika njia ndefu, ile ya kuzunguka stesheni ya reli, na akatembea kama mtu anayepunga upepo. Zaitun alidhani ni heshima kwa buibui lake. Mwanzoni mwa njia walisikia mashine ya Okedi ikilia upande wa pili wa mji, tu-tu-tu-tu, mlio unaosikika Malaba yote mpaka ng'ambo ya mto. Kila mlio Zaitun aliusikia kama dhahabu yake inasaga mahindi ya watu.

Bashir alikuwa akitundika paja la ng'ombe. Alimwamkia Zaitun vizuri, akaitikia maswali ya hali na watoto, lakini neno kaburi lilipotajwa akarudi kwenye nyama yake. Alisema siku ile kulikuwa na upepo, na yeye alikuwa nyuma, hakusikia vizuri.

Zaitun alisogea mpaka kwenye meza.

"Bashir, hii mizani ulikopeshwa na Edris, na siku uliyotaka kuilipa akakuambia ichukue, ni sadaka. Niangalie machoni halafu useme hukusikia."

Bashir aliweka kisu chini. Akafukuza nzi waliorudi kwenye nyama. Kisha akasema kwamba walisikia wote. Okedi alinyoosha mkono mbele ya watu, akasema anadaiwa mashine, na watu wakamsifu, maana yeye si wa dini yao na angeweza kunyamaza. Walipotoka makaburini Mutwalibu aliwaomba wote jambo lile lisifike kwa mjane. Mwenye eda hasumbuliwi na mambo ya fedha, alisema, nitamweleza mwenyewe. Miezi ikapita, Bashir akamwuliza, Mutwalibu akamjibu kwamba shemeji anapokea haki yake na ameridhika.

Zaitun alishika ukingo wa meza. Aliwaza ile sukari ya kila Ijumaa, na jinsi alivyokuwa akishukuru kwa mikono miwili. Aliona haya, na juu ya haya akaona uchungu, akataka kulia lakini hakulia mbele ya mchinjaji.

"Na Okedi hakuwa peke yake aliyenyoosha mkono," Bashir akaendelea. "Kulikuwa na mtu mwingine, ametumwa kutoka Tororo, naye akasema—"

"Hilo si la leo," Makokha alimkatiza. "Ninachotaka kujua ni kama utaapa kortini kuhusu Okedi."

Zaitun alimtazama wakili wake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, na hapa alikuwa anaziba mdomo wa shahidi. Alifungua kinywa amwambie Bashir amalize. Hakuwahi, kwa sababu wote watatu waliinua vichwa kwa pamoja.

Mlio wa mashine ya Okedi haukuwepo, na sasa ndipo walipotambua kwamba haukuwepo tangu kitambo.

Mashine ya unga hainyamazi mchana siku ya soko. Hulia mpaka jua linazama, na foleni ya akina mama haiishi. Zaitun hakungoja mtu. Alikamata buibui lake akakata katikati ya soko, akapita baina ya mafungu ya dagaa na mabeseni ya wimbi, Makokha nyuma yake akiita mama ngoja.

Kwenye banda la kusagia, wanawake walikuwa wanatoka na mahindi yao hayajasagwa, wanalaani. Ndani kulikuwa na alama nyeusi ya mafuta sakafuni, na mkanda mrefu umelala kando. Mashine haikuwepo. Zaitun aliuliza imebebwa na nani. Mwanamke mmoja alimtazama kwa mshangao, beseni kichwani.

"Si lori yako, mama? Imeandikwa jina yako pale mbele. Tulifikiri ni wewe umetuma."

Ni kweli lilikuwa limeandikwa. Edris alimpa fundi rangi, akaandika ZAITUN juu ya kioo cha mbele, herufi nyekundu, mwaka ule walipooana. Baada ya mazishi Mutwalibu alilichukua lile lori kulitunza, na katika kulitunza kote hakukumbuka kufuta jina.

Okedi alitokea polepole, mrija wake begani. Hakuonekana mtu aliyeibiwa. Alimwambia Zaitun kwamba yeye mwenyewe ameirudisha. Mavuno yamekuwa mabaya, hawezi kulipa tena, na Mutwalibu alimweleza kwamba mjane amechoka na fedha ya vipande, anataka mashine yake.

"Nimemaliza na nyinyi," alisema. "Na huyu wakili yako anajua. Nilimwambia pale kwa chungu. Nikamwambia leo wanabeba."

Zaitun alimgeukia Makokha. Kijana alisema upesi kwamba Okedi alisema wiki hii, hakusema leo. Okedi hakubishana naye. Alitema mate kando, akasema mtu asiyekunywa alichopewa hata alichosikia hukisahau.

Hapo ndipo Zaitun alipoikumbuka ile njia ndefu ya stesheni, na mwendo ule wa kupunga upepo, huku mashine ikifunguliwa misumari upande wa pili wa mji. Lakini hakuwa na nafasi ya kuyapima hayo. Lori lilikuwa limeelekea mtoni, wanawake walisema, na ng'ambo ya daraja la mto Malaba ni Uganda. Mashine ikishavuka, hakuna korti ya huku itakayoifuata. Alivua viatu akakimbia.

Mungu hamtupi mja wake, japo mara nyingine humsaidia kupitia askari mvivu. Lori lilikuwa limesimamishwa mkabala na daraja, askari akilizunguka anasoma namba za magurudumu kana kwamba ana siku nzima. Nyuma, chini ya turubai, mashine ilionekana umbo lake. Mutwalibu alikuwa amesimama kando ya mlango, kanzu safi, tasbihi mkononi.

Alimwona shemeji yake anakuja miguu mitupu, na sura yake ikawa ya kumhurumia.

"Shemeji, rudi nyumbani. Hapa si mahali pako."

Zaitun alimwambia kwamba amemsikia Bashir. Amemsikia Okedi. Anataka kujua fedha za kila mavuno zimekwenda wapi, na mashine inakwenda wapi. Watu walianza kukusanyika. Mutwalibu hakukana kitu. Hilo lilimvunja nguvu zaidi kuliko kama angekana.

"Deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi," alisema. "Ndugu yangu alikufa anadaiwa. Sikukula hata senti yako. Nilikuwa namlipia, asilale na deni kaburini. Na wewe nilikuwa nakuficha aibu ya kujua alikwenda kumkopa nani."

Zaitun aliuliza ni nani huyo. Mlango wa lori ulifunguliwa kabla hajajibiwa.

Mwanamke aliyeshuka alikuwa amevaa busuti ya kijani, lile gauni refu la wanawake wa Uganda, wa makamo, mtaratibu. Jina lake lilipita haraka midomoni mwa watu waliosimama, kwa kuwa nusu yao walikuwa na deni lake. Alikuwa Zulaika wa Tororo, anayekopesha fedha kwa rehani. Alishika mlango kujizuia asiteleze, mkono wa busuti ukarudi nyuma, na Zaitun akaona bangili zake.

Hakuhitaji kuzitazama mara mbili. Ya juu ilikuwa na alama za meno ukingoni, alipoitafuna Hasina binti yake wakati wa kuota meno. Edris hakuziuza. Aliziweka rehani kwa mwanamke huyu, akakopa, akanunua mashine, na akamdanganya mkewe mpaka siku ya kufa.

Mjane mwingine angekaa chini akalia. Zaitun naye alitaka kulia, nisiwadanganye. Lakini huyu alikuwa muuza duka kabla hajawa mjane, na hesabu ilimjia kabla ya machozi.

"Hizo ni rehani ya deni," alisema, kidole kwenye bangili. "Ukilipwa deni, unarudisha rehani. Umelipwa kila mavuno, na leo unabeba mashine nzima, na dhahabu yangu bado iko mkononi mwako. Deni moja unalila mara ngapi?"

Mutwalibu aligeuka akazitazama zile bangili. Tasbihi ikasimama mkononi mwake. Ilionekana wazi kwamba habari ya rehani hakuwahi kuisikia, na kwamba msema dini huyu alikuwa amelipishwa kwa mwaka mzima kama mtoto aliyetumwa dukani bila kujua bei.

Askari naye aliacha magurudumu akasogea. Kwa mara ya kwanza siku ile Zaitun alihisi ardhi ngumu chini ya miguu yake. Makokha alikuwa amefika, anahema, tai imekwenda kando. Zaitun alimwambia amwombe askari alizuie lori, kisha aandike mashtaka, leo hii, dhidi ya mwanamke huyu, na kama italazimu dhidi ya shemeji yake pia. Alimsahau Anyait, akaisahau njia ya stesheni. Alihitaji wakili, na huyu ndiye aliyekuwa naye.

Makokha hakwenda kwa askari. Alikuwa anatazama maji ya mto.

"Nnyabo, mama yangu, usimsumbue kijana," Zulaika alisema taratibu. "Muulize kwanza ile meza mpya na lile kabati la vioo alinunuliwa na nani. Huku kwenu si mnauliza, wakili wa bei rahisi namna hii anakula wapi?"

Alinyoosha mkono mbele ya Makokha, kiganja juu, bangili za Zaitun zikiteremka mpaka kwenye kifundo.

"Ile hati ya juzi ya kupatana kwa niaba yake, yenye dole gumba la huyu mama," alisema. "Ilete."

Na Makokha akatia mkono mfukoni.